Mawimbi yaliyofifia kwenye pindo: uhakiki wa mabadiliko ya kusawazisha njia

Ombi la mabadiliko (pendekezo la kubadili msimbo wa programu, linalohakikiwa kabla ya kukubaliwa) lilikuwa na kichwa kifupi: "Kurahisisha usawazishaji wa njia." Chini yake kijana aliyelituma alieleza kwamba amefuta vigeu (majina yanayohifadhi thamani ndani ya msimbo) visivyohitajika, amepunguza idadi ya vipande vinavyotolewa, na kwamba majaribio yote yamepita. Nilisoma msimbo wake mara mbili. Ulikuwa safi kuliko ule niliouandika mimi miaka ya mwanzo, na kila jina lilijieleza lenyewe. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kwamba nimeridhika, kisha nikaona kwanza nipitishe faili moja la kazi halisi. Faili hilo lilifichua makosa matatu, na macho yangu yalikuwa yameyapita yote.

Maktaba yenyewe, yaani msimbo ambao programu nyingine huutumia, si kubwa. Inasoma michoro ya SVG, muundo wa faili unaoeleza mchoro kwa amri za maandishi, na kutoa PDF ya kumpelekea mchapaji. Wanaoitumia wengi ni wachoraji wa vitambaa. Faili nililochukua ni la dada mmoja anayechora kanga: pindo lina mawimbi yanayozunguka pande zote nne, mji una mduara mkubwa katikati, na kati ya mduara na pindo kumetapakaa madoa madogo. Nafasi ya jina ilikuwa imeachwa wazi. Mchoro wa kawaida kabisa, ila ndani yake mna karibu kila kitu ambacho njia ya SVG inaweza kubeba.

Tuanze na sababu ya kusawazisha. Njia katika SVG, yaani mstari au umbo linalochorwa, huandikwa kwa amri za herufi mojamoja, na herufi hizo ni 20: M, L, H, V, C, S, Q, T, A na Z, kila moja ikiwa na umbo kubwa na dogo. Herufi kubwa husema "nenda kwenye nukta hii", ndogo husema "songa kiasi hiki kutoka ulipo". (Z peke yake haibadiliki maana, iwe kubwa au ndogo.) Upande wa pili, PDF ina amri chache tu za njia. Kuna kuhamia, kuchora mstari ulionyooka, kuchora upinde wa Bézier wa kipeo cha tatu (mstari uliopinda unaovutwa na nukta elekezi mbili), na kufunga, pamoja na vifupisho viwili vya upinde huohuo na amri ya mstatili. PDF haina tao la duaradufu (A). Haina upinde wa kipeo cha pili (Q), wenye nukta elekezi moja. Kwa hiyo katikati ya kusoma na kuandika lazima pawe na hatua inayogeuza herufi 20 kuwa nne tu, zote za nukta kamili: M, L, C na Z. Hatua hiyo ndiyo tunayoiita kusawazisha, na wazo lenyewe si letu. Sanifu (kanuni rasmi) ya SVG 1.1 ilikwisha kueleza orodha ya njia iliyosawazishwa kwa amri hizohizo nne.

Ukiitazama kwa juu ni kazi ya kutafsiri neno kwa neno. Ugumu wake ni kwamba baadhi ya maneno hayana maana bila neno lililotangulia. S na T ni amri za kuendeleza upinde kwa ulaini. Hazitaji nukta elekezi ya kwanza. Unatakiwa kuipata kwa kuakisi nukta elekezi ya mwisho ya amri iliyopita, upande wa pili wa mahali ulipo. S huakisi ikiwa amri iliyopita ni C au S. T huakisi ikiwa iliyopita ni Q au T. Kinyume cha hapo, nukta elekezi huhesabiwa kuwa palepale ulipo, na T ya namna hiyo hugeuka kuwa mstari ulionyooka.

Msimbo wa zamani ulikuwa na vigeu viwili vya kukumbuka nukta elekezi: kimoja cha pinde za kipeo cha tatu, kingine cha pinde za kipeo cha pili. Kijana aliviunganisha vikawa kimoja. Hoja yake aliiandika vizuri, na nilimwelewa: mwisho wa yote kila upinde unatoka ukiwa C, na C ina nukta elekezi yake ya mwisho, sasa ya nini kubeba mbili? Akahifadhi nukta elekezi ya mwisho ya ile C iliyotoka.

Chukua wimbi la kwanza la pindo la yule dada, nikiwa nimepunguza namba ziwe rahisi kufuatilia:

M 0 0 Q 30 60 60 0 T 120 0 T 180 0

Q inaanzia 0,0 na kuishia 60,0, ikiwa na nukta elekezi moja, 30,60. Kuigeuza kuwa kipeo cha tatu ni hesabu ya uhakika isiyopoteza kitu: nukta elekezi mbili mpya hupatikana kwa kwenda theluthi mbili ya safari kutoka kila mwisho kuelekea nukta elekezi ya zamani. Tunapata 20,40 na 40,40. Umbo ni lilelile hadi nukta ya mwisho, na kilele cha wimbi kiko umbali wa 30 kutoka mstari wa katikati.

Sasa inafika T ya kwanza. Njia sahihi ni kuakisi nukta elekezi ya asili, yaani 30,60, kupitia 60,0. Tunapata 90,-60, na wimbi la pili linakuwa na kilele cha 30 upande wa pili, sawa na la kwanza. Lakini msimbo mpya ulikuwa umeshaisahau 30,60. Ulichokumbuka ni 40,40, nukta ya upinde uliokwisha kugeuzwa. Ukaiakisi, ukapata 80,-40, kisha ukaichukulia kama nukta elekezi ya kipeo cha pili na kuipunguza tena kwa theluthi. Kilele kikashuka hadi 20. Wimbi la tatu likapata 13.3, la nne 8.9. Kila wimbi lilikuwa theluthi mbili ya lililolitangulia. Kufikia wimbi la 10 kimo kilikuwa kimebaki 0.78, na kwa jicho la kawaida pindo lilikuwa limenyooka kama ukingo wa meza.

Kilichonishtua zaidi ya ukubwa wa kosa ni jinsi lilivyojificha. Angalia sehemu mawimbi yanapokutana. Kwenye nukta 60,0 msimbo sahihi unatoka kuelekea 80,-40, na msimbo wenye kosa unatoka kuelekea 73.3,-26.7. Pigia mstari nukta hizo mbili kutoka 60,0, utaona ziko kwenye mwelekeo mmoja kabisa. Moja iko karibu na nyingine iko mbali. Maana yake maungio yote yalibaki laini. Hapakuwa na kona wala mruko wa kumwambia mtazamaji kwamba kuna kitu kimevunjika. Ukiona picha ya mawimbi mawili tu utadhani mchoraji ndiye aliyetaka la pili liwe dogo kidogo na liegemee nyuma. Mhakiki anayetafuta mchoro uliochanika asingeona mpasuko wowote.

Na majaribio? Yalipita kwa haki. Nilirudi kuyasoma nikakuta lawama ni yangu, kwa sababu niliyaandika mimi. Jaribio la T lilikuwa moja, nalo liliweka T mara baada ya M, hali ambayo hakuna kuakisi na jibu ni mstari ulionyooka. Tulikuwa pia na jaribio lililosema njia iliyokwisha kusawazishwa, ikisawazishwa tena, isibadilike hata kidogo. Nililiamini sana jaribio hilo. Lakini halina uwezo wa kukamata kosa la aina hii: baada ya mzunguko wa kwanza hakuna T iliyobaki, zimebaki C tupu, na C hupita bila kuguswa. Mawimbi yaliyofifia yakisawazishwa mara ya pili yanabaki yamefifia vilevile, na jaribio linashangilia.

Nilimpigia simu badala ya kumwandikia, kwa kuwa mambo ya maumbo huelezeka upesi mkiwa mnachora pamoja. Aliposikia habari ya theluthi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, kumbe ninapunguza mara mbili." Nikamwambia ndivyo hasa, na kwamba kukumbuka ni deni tunalolidaiwa na amri inayofuata, nayo bado inazungumza lugha ya SVG. C tunayotoa ni ya PDF. Nukta ya kuhifadhi ni ile aliyoiandika mchoraji.

Kosa la pili lilihusu madoa. Ili kupunguza ukubwa wa PDF, kijana aliongeza sharti: kipande chochote kinachoanzia na kuishia nukta ileile kitupwe. Msimbo unaotupa vipande visivyo na urefu unaonekana wa busara, na zipo sehemu ambapo ni busara kweli. Tao lenye mwanzo na mwisho mmoja, kwa mfano, sanifu yenyewe inaagiza lirukwe. Lakini yule dada hakuchora madoa yake kwa miduara. Alitumia mbinu ambayo wachoraji wengi wanaijua: njia fupi kama M 10 10 h 0 (h ni mstari wa mlalo), yenye mstari mnene na ncha za mviringo. Mstari hauna urefu, ila ncha zake mbili za nusu duara zinakutana na kufanya doa kamili. Ukitaka doa kubwa unaongeza unene tu. Sanifu ya SVG iko wazi hapa: njia ndogo (sehemu ya njia inayoanzia kwenye M moja) isiyo na urefu haichorwi mstari wake ikiwa ncha zimekatwa wima, lakini lazima ichorwe ikiwa ncha ni za mviringo au za mraba. M iliyo peke yake, bila amri ya pili, haichorwi kabisa.

Sharti jipya lilipoitupa ile h 0, ilibaki M peke yake. Madoa yote yakatoweka, na PDF ikatoka bila onyo lolote. Kwa kanga hili si jambo dogo. Husimuliwa kwamba kitambaa hiki kilipewa jina la ndege kanga kwa sababu ya madoadoa ya michoro yake ya zamani, na sisi tulikuwa tunakaribia kutoa toleo la maktaba linalofuta madoa hayohayo.

Hapa tulijifunza jambo ambalo hata mimi sikuwa nimelizingatia. PDF nayo ina kanuni yake kuhusu njia iliyojikusanya kwenye nukta moja, na inaafikiana na SVG nusu tu. Ncha zikiwa za mviringo, PDF huchora duara. Zikiwa za mraba, PDF haichori kitu, kwa hoja kwamba mraba unahitaji mwelekeo na nukta moja haina mwelekeo. SVG imeamua vingine: mraba huo uchorwe ukiwa umelala sambamba na mhimili wa x. Kwa hiyo hata msimbo wetu wa zamani, ambao haukutupa kitu, ulikuwa ukipoteza madoa ya mraba tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyelalamika, pengine kwa sababu wachoraji wetu wanapenda madoa ya duara. Tuliandika marekebisho yake pembeni: penye njia isiyo na urefu na ncha za mraba, maktaba sasa inatoa mraba wa kujazwa rangi, na kazi hiyo inafanyika nje ya usawazishaji, kwa sababu usawazishaji haujui unene wala aina ya ncha, na haupaswi kujua.

Kosa la tatu sikulibaini mpaka nilipokuza mchoro. Tao la A hugeuzwa kuwa pinde za kipeo cha tatu, na upinde wa namna hiyo hauwezi kuwa sehemu ya duara kwa ukamilifu, unakaribia tu. Desturi ni kuligawa tao katika vipande visivyozidi nyuzi 90. Kijana aliruhusu kipande kimoja kifike nyuzi 180, na hivyo mduara mzima ukawa pinde mbili badala ya nne. Katika maelezo yake alisema tofauti haionekani, na kwa mchoro aliojaribia alikuwa mkweli. Alijaribu kwenye alama ndogo ya skrini yenye nusukipenyo cha pikseli 12.

Tulifanya hesabu pamoja. Nusu duara ikichorwa kwa upinde mmoja, kwa kanuni ya kawaida ya theluthi nne za tanjenti ya robo ya pembe, ncha na kilele hukaa sawasawa, lakini mabega yake hutokeza nje kwa asilimia 1.8 ya nusukipenyo. Kwa pikseli 12 hiyo ni kama pikseli 0.22, na ulainishaji wa kingo kwenye skrini unaimeza. Kwa vipande vya nyuzi 90 mtokezo ni asilimia 0.027 tu. Sasa twende kwenye mji wa kanga. Mduara wa dada yetu una nusukipenyo cha milimita 200. Kwa vipande vinne kosa ni milimita 0.05, chini ya uwezo wa kitambaa chenyewe kushika wino. Kwa vipande viwili ni milimita 3.7. Mtu akiutandaza mbele yako utaona duara limevimba mabega, hata kama hutaweza kusema tatizo ni nini.

Na tulichookoa ni nini? Pinde mbili kwa kila mduara, yaani maandishi machache ndani ya faili ambalo PDF hulibana kabla ya kulihifadhi. Hapa niliweka msimamo bila kusitasita. Kiasi cha kukaribia kwa tao hakiwezi kuamuliwa na mtu anayetazama alama ya skrini, kwa sababu usawazishaji haujui mchoro utakuzwa mara ngapi baadaye. Kama tungetaka kupunguza vipande, ingebidi kwanza tupokee kiwango cha kosa kinachovumilika pamoja na vipimo vya mwisho. Hilo ni ombi jingine la mabadiliko, na ningelipokea kwa furaha.

Mengine katika ombi lile yalikuwa mazuri na nisiyapite. Alikuwa amerekebisha hitilafu ya kweli: baada ya Z, mahali ulipo panarudi mwanzo wa njia ndogo, si kwenye nukta ya mwisho iliyochorwa, na m ndogo inayofuata lazima ihesabiwe kutoka hapo. Sisi tulikuwa tunakosea pale ambapo faili limebanwa na programu za kupunguza ukubwa, ambazo hupenda herufi ndogo. Alikuwa amerekebisha pia usomaji wa bendera za tao (tarakimu mbili zinazochagua tao lipi lichorwe) zisizotenganishwa. Sarufi inaruhusu bendera mbili za 0 au 1 zishikane na namba inayofuata, na msomaji anayezichukua kama namba za kawaida hupotea njia nzima. Na alikataa kishawishi cha kugeuza Z kuwa mstari wa kurudi mwanzoni, jambo ambalo lingeacha ncha mbili mahali panapotakiwa kuwa na kiungo.

Nilimwomba aligawe ombi mara tatu. Lile la Z na bendera liliunganishwa kwenye tawi kuu, yaani msimbo rasmi wa maktaba, siku hiyohiyo. Lile la kupunguza vipande vya tao alilifunga mwenyewe. La tatu, la vigeu vya kukumbuka, tuliliacha wazi mpaka tuwe na majaribio yanayostahili.

Jaribio tulilolijenga halilinganishi amri kwa amri. Linachukua njia ya asili, linakokotoa nukta nyingi juu yake kwa kanuni za kila amri kama ilivyoandikwa, kisha linakokotoa nukta zilezile juu ya njia iliyosawazishwa, na kupima umbali kati yao. Msimbo unaokokotoa upande wa asili hautumii mstari hata mmoja wa msimbo wa kusawazisha. Kama ungeutumia, pande zote mbili zingekosea kwa pamoja na kukubaliana. Pembeni yake tuliweka pindo la yule dada, kwa ruhusa yake, na sharti moja la wazi: vilele vyote viwe sawa.

Siku mbili baadaye kijana aliniandikia tena. Alikuwa amelipatia lile jaribio michanganyiko yote ya amri mbilimbili badala ya ile tuliyoiwazia sisi, na lilikuwa limekataa mahali papya: S iliyofuata Q. Kwa sanifu haitakiwi kuakisi, kwa sababu Q si ya familia yake. Kigeu kimoja kilichounganishwa hakikuweza kujua hilo, kikawa kinaakisi. T iliyofuata C nayo ilikuwa na ugonjwa uleule kwa upande wa pili. Mimi nilikuwa nimeitazama T baada ya Q tu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye kanga.

Alirudisha vigeu viwili, na juu ya kila kimoja akaandika mstari wa maelezo unaotaja amri zinazokisoma na zinazokifuta. Pindo likatoka na mawimbi yake yote, kila kilele 30.